Senén, Mbunge Wetu

Kabla hajawa meya, na kabla hajawa mbunge, kaka yangu Senén alikuwa akiuza gesi. Alipanda na kushuka bonde zima la Riofaya na lori lake bovu, mitungi ikigongana nyuma, akasimama chini ya madirisha na kupiga ukelele mmoja tu: "Gesiii!" Watoto wachanga waliamka, mbwa walibweka, na wanawake walifungua milango wakimtukana kwa mapenzi. Alibeba mtungi begani hadi jikoni, akaufunga mwenyewe, akakaribishwa kahawa, akasikiliza habari za ugonjwa na za wana waliohamia Ujerumani. Kwa hiyo udikteta ulipokwisha, uhuru ukaja na kura zikapigwa, hakuna aliyehitaji kuona picha yake ukutani. Alishaingia kila jiko.

Gesi hakuichagua. Alikuwa mchimba makaa tangu utotoni, kama baba yetu, kama wanaume wote wa hapa. Baba alikuwa mtu wa chama cha kisoshalisti, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, upande wake umeshindwa, watu wa Jenerali aliyeshinda wakampiga risasi. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Mama yetu, Oliva, alibaki na sisi wawili na kijibaa cha kuuzia pombe ya matofaa, akatulea hapo. Senén alipokua akaingia chama kilekile, kwa siri, maana Jenerali alikuwa bado anatawala. Mgomo mkubwa wa wachimbaji ulipotokea, polisi walimtafuta nyumba kwa nyumba. Aliyemficha alikuwa rafiki yake Nolo, kwenye banda la ng'ombe la mama yake, chini ya nyasi kavu. Mimi ndiye niliyepeleka chakula. Senén walimkamata mwishowe akafungwa miaka mitatu. Nolo hawakumkamata, ila mimi nilimkamata, nikaolewa naye.

Basi Senén alipotoka gerezani, kampuni ya mgodi haikumtaka tena. Ndipo akapata lile lori.

Alipochaguliwa kuwa meya, mama hakumpongeza. Alimngoja amalize supu yake pale baa, akamwambia:

"Umekuwa mkubwa sasa. Ule ukuta wa makaburini utauvunja lini?"

Makaburi yetu yalikuwa na ukuta katikati. Upande mmoja walilala watu wa kanisa. Upande wa pili, penye miiba na makopo, walitupwa wasiobatizwa, waliojiua, na watu kama baba.

"Mama, lazima jambo lipite barazani," Senén akasema. "Madiwani wapige kura. Kuna utaratibu."

"Walipompiga baba yako risasi walipiga kura?"

"Ndiyo maana sisi tunapiga, mama. Ili tusifanane nao."

"Haya. Pigeni. Mimi nitatangulia."

Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, mama akaenda na nyundo ya kuvunjia makaa. Mwanamke wa karibu miaka sabini, kitambaa cheusi kichwani, anagonga ukuta ule taratibu kama anayebisha hodi. Watu wakakusanyika. Padri Ulpiano akatoka na kanzu yake, na sote tukadhani sasa kuna ugomvi. Padri akakunja mikono ya kanzu.

"Bi Oliva, nyundo hiyo ni nzito. Nipe mimi."

"Wewe padri una mikono ya kushika mishumaa."

"Nipe, nimesema."

Senén alipopata habari alikuja mbio na madiwani wake, wengine bado wana vitambaa vya chakula cha mchana shingoni. Alipoona padri anatoka jasho na mama amekaa juu ya jiwe anampa maelekezo, akavua kofia. Akauliza kwa sauti yake ileile ya gesi kama kuna diwani anayepinga. Hakuna aliyepinga. "Limepita!" akasema, akachukua sururu. Jioni baba alikuwa analala na watu wengine.

Huyo ndiye aliyekuwa meya wetu. Alileta maji ya bomba mpaka vitongoji vya juu, akafungua maktaba kwenye kituo cha zamani cha polisi. Aligombana na kila mtu na kula kwa kila mtu. Miaka mitatu baadaye chama kikamweka kwenye orodha ya wabunge, na nchi nzima ikakipa chama kura kama mafuriko. Senén akaenda Madrid kwa basi, na suti moja ya marehemu mjomba ambayo mama aliipunguza kiuno.

"Huko usile kama unavyokula hapa," mama akamwambia dirishani. "Watadhani tunakunyima."

Mara ya kwanza aliposimama kuzungumza bungeni, tulijazana baa kumtazama kwenye televisheni. Alianza kwa ukelele, kama yuko chini ya dirisha la mtu. Mheshimiwa spika akamkatiza kwa upole: "Mheshimiwa mbunge, kipaza sauti kinafanya kazi." Bunge zima likacheka, na baa yetu ikacheka zaidi. Nolo, mume wangu, alicheka hadi akafuta machozi. "Huyo ndiye shemeji yangu," aliwaambia watu, kana kwamba kulikuwa na mtu pale asiyejua. "Hahitaji waya huyo. Angefungua tu dirisha, tungemsikia."

Walipendana sana wale wawili. Ninalisema hili mapema ili lieleweke lililofuata.

Senén alikuwa katika muhula wake wa pili bungeni serikali ilipoamua kufunga migodi isiyolipa. Serikali ya chama chetu wenyewe. Na katika migodi hiyo ulikuwemo wetu, San Lino, alimofanya kazi Nolo na nusu ya wanaume wa Riofaya. Senén alikuja Jumapili kabla ya kura kutuambia kwa mdomo wake. Mama alikuwa amepika maharage meupe na soseji ya damu. Hakuna aliyekula sana.

"Nitasema ndiyo," Senén akasema.

Nolo akadhani hakusikia vizuri. "Ndiyo ya nini?"

"Ya kufunga."

"Si kuna maneno mawili, shemeji? Ndiyo na hapana. Hilo la pili limekushinda kutamka?"

"Nolo, makaa yaliyobaki ni utepe mwembamba kama kiganja. Mnayafuata mkitambaa kwa tumbo. Mwaka jana tumezika wangapi? Nikisema hapana, mgodi utafungwa hivyohivyo, na wakikaa kugawa malipo na pensheni mimi sitakuwepo mezani. Nikisema ndiyo, nitakuwepo."

"Kwa hiyo unatuua ukiwa umetushika mkono."

"Sitaki kuwadanganya."

"Heri ungetudanganya," Nolo akasema. "Adui angetufungia, tungejua la kufanya. Sasa wewe tukufanyeje?"

Mama akaondoa sahani. Senén akarudi Madrid.

Siku ya kura waliita majina, mmoja mmoja, na kila mbunge alisimama kujibu. Baa ilijaa, lakini hakuna aliyeagiza kitu. Jina lake lilipoitwa, kaka yangu akasimama. Ile sauti iliyokuwa ikiamsha bonde zima, safari hiyo ilibidi tuinamie televisheni kuisikia. "Ndiyo," akasema, akakaa.

Nolo akazima televisheni. Haikuwa zamu yake, lakini akachukua kofia yake ngumu na taa, akatoka, na wanaume wakamfuata. Kabla ya chakula cha jioni habari zilikuwa zimeenea: wamejifungia chini kabisa ya San Lino, na hawatapanda mpaka serikali ibadili uamuzi.

Senén alifika kesho yake kwa basi la adhuhuri. Hakuomba gari la chama wala polisi. Darajani wanawake walikuwa wamesimama, wake wa waliokuwa chini, na wengi wao aliwahi kuwafungia mitungi. Mmoja akamrushia kiazi kikampata begani. "Msaliti!" wakapiga kelele. "Rudi kwa mabwana zako!" Yeye akapita katikati yao, kofia mkononi, akiwajibu kwa majina. "Najua, Delfina. Una haki, Honorina. Najua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa baa, mikono kifuani. Nilidhani atamfungia mlango.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Utakula ukirudi. Nenda kwanza."

Simu ya baa ikalia. Ilikuwa sauti ya bwana mmoja mkubwa wa chama, kutoka Madrid, mwenye haraka. "Mwambieni ndugu Senén asithubutu kushuka mgodini. Ni amri. Itaonekana kama anaipinga serikali yake."

Nikachungulia dirishani. Kaka yangu alikuwa akipanda kilima kuelekea mgodini, anapumua kwa tabu, maana mapafu yake yalikuwa na vumbi la miaka yake ya shimoni.

"Mmechelewa, ndugu," nikajibu. "Ameshashuka." Nikakata simu.

Yaliyotokea chini niliyapata vipande vipande kwa Nolo, miaka mingi baadaye. Lifti ilipofunguka, wote walimwelekezea taa usoni hata akafumba macho. Amevaa suti ya mjomba na viatu vya mjini.

"Umekuja kutuhubiria?" mmoja akauliza.

"Nimekuja kukaa."

"Umebadili ile ndiyo yako?"

"La. Mgodi utafungwa. Sikupanda basi usiku kucha nije kuwapa uongo."

Wakapiga miluzi. Mmoja akasema atolewe kwa mateke. Senén akangoja wanyamaze.

"Lakini waziri ameniahidi pensheni kwa kila mzee na shule ya ufundi kwa vijana, na ameniahidi kwa mdomo. Mdomo siuamini, hata kama ni wa chama changu. Nimewaachia ujumbe huko Madrid: sipandi mpaka watie saini. Mkitaka nikae nanyi, nitakaa nanyi. Mkinifukuza, nitakaa peke yangu kwenye handaki lile la zamani, na nitakohoa kwa nguvu ili msilale."

Kuna aliyecheka. Hakuwa Nolo. Lakini Senén alipoanza kukohoa kweli, mume wangu aliinuka mahali pake karibu na bomba la hewa safi, akaenda kukaa kwingine, na kile kipande cha ubao kilichokuwa kiti chake kikabaki wazi. Hakusema karibu. Senén hakusema asante. Akakaa.

Sisi wanawake tuliteremsha supu kwa ndoo na mikate kwa magunia. Magazeti yakaja. Huko Madrid waliona aibu kubwa, mbunge wa chama tawala amejizika na wagomaji dhidi ya uamuzi aliouunga mkono mwenyewe. Hawakujua wamwite mwendawazimu au mjanja. Wiki ya pili ilipoanza, wakatia saini pensheni na shule, na wanaume wakakubali kupanda.

Walipopanda, Senén alikuwa na rangi ya majivu, na wenzake wawili walimshika kwapani. Baadhi ya watu walipiga makofi. Wengine walimgeuzia mgongo. Nolo alipanda mwishoni, akapita mbele yangu na uso mweusi kwa vumbi.

"Si umsalimie kaka," nikamwambia. "Amefanya alichoweza."

"Alishuka, sawa. Na alisema ndiyo. Yote mawili nimeyaona."

Mgodi ukafungwa. Pensheni zikaja, na shule ya ufundi ikajengwa, ndogo kuliko ile ya kwenye michoro. Chama nacho hakikusahau. Uchaguzi uliofuata jina la Senén halikuwemo kwenye orodha. Wakamweka kijana wa mjini aliyeijua Riofaya kwa ramani. Kaka yangu akarudi na sanduku lake, akahamia chumba cha juu ya baa. Mimi na Nolo tulikuwa tukiishi chumba cha nyuma, na meza ya kula ilikuwa moja.

Ndipo ikaanza miaka ya kimya. Mume wangu hakumsemesha kaka yangu hata neno.

"Telva, mwambie kaka yako anisogezee chumvi."

"Telva, mwambie shemeji yangu chumvi iko mbele ya pua yake."

"Telva, mwambie mheshimiwa sijavaa miwani."

Mwanzoni nilifikisha ujumbe. Baadaye nikachoka, nikanunua chupa mbili za chumvi. Mama alipofariki, walibeba jeneza wote wawili mbele, bega kwa bega, wakapishana hatua vizuri kama watu waliofanya kazi pamoja tangu ujana. Walilia wote. Hawakusemezana.

Senén akagombea umeya tena, na akashindwa. Upande wa pili, wa wahafidhina, ndio uliochukua, kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Siku ile ya kura alikuwa amekaa kutwa kwenye chumba cha darasa kilichotumika kupigia kura, kusimamia upande wa chama chake. Msimamizi wa upande wa pili alikuwa Bi Práxedes, mwenye duka la dawa, mjane aliyenyooka mgongo, lulu mbili masikioni. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa meya wa mwisho wa zama za Jenerali. Senén alipoingia umeya mara ya kwanza, kiti kilikuwa bado na joto la mume wa Práxedes, kama tulivyokuwa tukitania.

Kura zilipokwisha kuhesabiwa, kaka yangu alibaki kwenye kidawati kidogo cha watoto, magoti yakigusa kidevu, anakohoa. Bi Práxedes akafungua kikapu chake, akakata kipande cha kimanda cha viazi, akamwekea mbele.

"Bwana Senén, umeshindwa, hujafa. Kula."

"Nyinyi mmeniua na sasa mnanilisha?"

"Sisi tumekushinda. Kinachokuua ni hicho kikohozi. Kesho pita dukani, kuna dawa."

Akapita. Akapita na keshokutwa. Kikohozi kilipungua, lakini safari za dukani zikaongezeka. Nikawa nikisikia watu wakisema kuna mdahalo kwenye duka la dawa: wanabishana juu ya kodi, juu ya kanisa, juu ya shule, Bi Práxedes nyuma ya kaunta na Senén mbele yake, na wagonjwa wanakaa kusikiliza hadi wanasahau walichokuja kununua. "Wewe ni mkomunisti tu aliyeoga," alimwambia. Naye akamjibu, "Na wewe, Bi Práxedes, ungekuwa mwanamapinduzi mzuri kama ungezaliwa na njaa." Mwanamke akacheka, na Delfina aliyekuwa pale aliniapia kwamba kaka yangu aliona haya kama kijana.

Sikumuuliza kitu. Nilianza tu kumpigia pasi mashati kwa uangalifu.

Jumapili moja, tukiwa mezani sisi watatu, Senén akaweka kijiko chini.

"Telva, nataka kuoa."

"Bi Práxedes?" nikauliza, kama sijui.

"Bi Práxedes."

Kijiko cha Nolo kikaanguka kwenye bakuli, mchuzi ukaruka hadi kwenye kitambaa cha meza. Akasimama. Uso ulimwiva.

"Wewe!" akasema, na hakuniangalia mimi. Alikuwa akimtazama kaka yangu moja kwa moja. "Wewe Senén huna haya hata chembe! Umefunga mgodi, nikanyamaza. Umeshindwa na wale watu umeya, nikanyamaza. Sasa unataka kutuletea mjane wa meya wa Jenerali hapa mezani? Alale kwenye kitanda chako, chini ya picha ya baba yako? Wanawake wote wa bonde hili, wajane wa wachimbaji wamejaa, wanapika, wanaimba, na wewe umekwenda kumtafuta huyo mwenye lulu! Mpumbavu mkubwa we! Kichwa cha punda!"

Senén akamtazama, mdomo wazi.

"Umesema nami," akasema polepole.

"Nimekutukana!"

"Ndiyo. Umenitukana mimi. Hukumtuma Telva."

Nolo akabaki amesimama, mkono hewani. Nadhani ndipo alipotambua kwamba amesema naye. Akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa.

"Nilikuwa nimeyakumbuka sana hayo matusi yako," kaka yangu akasema.

"Basi yako mengi," Nolo akasema. "Nimeyaweka miaka yote hii. Usidhani yameisha."

Nikachukua mabakuli nikaenda jikoni, maana niliona nikibaki nitalia mbele yao, na mmoja wao angeacha kuongea ili anibembeleze.

Harusi ilifungwa ofisi ya meya. Meya mpya, mtu wa chama cha bibi harusi, alisoma vifungu vya sheria akiona haya kidogo, kwa kuwa bwana harusi alivijua bila kusoma na alikuwa akimtangulia. Wanachama wenzake wa zamani walikuja kumzomea kwa utani, eti amevuka upande. "Nimevuka barabara tu," akawajibu. "Kura yangu mnaijua, na yake anaijua Mungu wake." Bi Práxedes alidai wapite kanisani kupata baraka baadaye, na Senén akakubali kukaa kiti cha nyuma kabisa. Shahidi wake alikuwa Nolo, katika suti iliyombana kwapani.

Karamu tukaifanya baa. Nolo aliinua chupa juu ya kichwa, akamimina pombe ya matofaa ndani ya glasi iliyo chini kiunoni, bila kuangalia, kama anavyofanya tangu ujana, na ile ya kwanza akampa bibi harusi.

"Shemeji, kunywa mara moja. Ikituama inaharibika."

"Nani kakwambia mimi ni mtu wa kunywa taratibu?" Bi Práxedes akajibu, akaimaliza kwa funda moja, na baa nzima ikapiga kelele.

Muziki ulipoanza, niliwatafuta wale wawili sikuwaona. Niliwakuta nje nyuma ya baa, wamekaa ngazini juani, viatu wamevua, mashati yametoka suruali. Senén alikuwa akimweleza kwa nini alisema ndiyo, yote tangu mwanzo: alichosema waziri, alichojibu, jinsi alivyosimama siku ile jina lake lilipoitwa. Na Nolo alimkatiza kila hatua.

"Hapo ndipo ulipokosea. Hapo hapo. Ungemwambia hivi..."

"Nilimwambia!"

"Hukumwambia kwa nguvu. Wewe huko Madrid walikufundisha kunong'ona."

"Basi wewe ungesemaje? Sema. Jifanye mimi ndiye waziri."

Nolo akajiweka sawa, akakohoa kusafisha koo. Niliwawekea bakuli la wali wa maziwa na vijiko viwili katikati yao, hata hawakuniona, nikarudi ndani kucheza na wifi yangu.